Meza ya Dirishani

Tulikuwa katikati ya hesabu za kutoa kwa kukopa, yai likaongea.

Nilikuwa nimeelekea ubaoni, chaki mkononi, nikieleza kwa nini kumi moja ikikopwa inageuka kuwa mamoja kumi. Nyuma yangu darasa likanyamaza. Mwalimu wa watoto wa miaka saba na minane anakijua kimya cha darasa lake kwa aina zake: kuna kimya cha kuandika, kuna kimya cha usingizi wa mchana, kuna kimya cha mtu kumwaga wino na wenzake wote wamemwona. Hiki hakikuwa kimojawapo. Nikageuka. Watoto 31 walikuwa wameshika kalamu hewani, nyuso zote zimeelekea meza ya dirishani, na kutoka ndani ya mashine ya kutotoleshea mayai ikatoka tena sauti nyembamba: pyi. Baada ya kitambo, pyi, pyi.

Mayai tisa, na hata moja halikuwa na ufa.

"Mwalimu, yumo ndani na anaita," akasema msichana wa dawati la mbele, kwa sauti ya chini kabisa, kama vile yuko chumba cha mgonjwa.

Nikaweka chaki chini. Ilikuwa siku ya 20. Siku hiyo kifaranga hutoboa utando wa ndani na kuingiza mdomo kwenye chumba cha hewa kilichopo upande mpana wa yai. Hapo ndipo anapovuta pumzi ya kwanza kwa mapafu yake mwenyewe, na mwenye pumzi ana sauti. Ganda bado zima, lakini mwenyewe ameshaanza kuongea. Nimefundisha miaka mingi na bado nywele zinanisimama. Kutoa kwa kukopa kukasubiri kesho yake.

Watu wengi wakizungumzia majira ya kuchipua katika shule za msingi huzungumzia shughuli zake, na kweli ni nyingi. Makoti yanasahaulika kila mahali, hadi sanduku la vitu vilivyookotwa halifungiki tena. Viatu vinaingia na matope. Kuna igizo la darasa na nguo zake za kushona, kuna picha ya darasa, kuna mikutano na wazazi, kuna mitihani. Katika ofisi ya walimu utasikia kila siku: "Watoto wamechachamaa." Wamechachamaa, ndiyo. Lakini mimi sioni kwamba ni utundu. Jua limebadilika juu ya vichwa vyao na miili yao imejua kabla ya kalenda.

Mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.4, na kwa sababu ya mwinamo huo huo mmoja, mahali palipo mbali na Ikweta panapata majira manne. Karibu na tarehe 20 Machi kwa walio kaskazini, na karibu na tarehe 22 au 23 Septemba kwa walio kusini, mchana na usiku hukaribia kulingana, kisha mchana unazidi kurefuka. Siku hizo mchana hurefuka kwa dakika mbili, tatu, hata nne kila siku, kadiri ulivyo mbali na Ikweta. Dakika nne ni kidogo. Zikusanye kwa wiki moja, ni karibu nusu saa.

Haya huwa siyasemi ubaoni. Tunasimika fimbo uwanjani, na kila Ijumaa saa sita mchana tunachora kwa chaki mwisho wa kivuli chake. Wiki ya nne mwaka huu kivuli kilikuwa kimefupika kiasi kwamba mtoto mmoja akadai fimbo imezama ardhini. Wenzake wakamcheka. Sikumcheka, maana hilo lilikuwa wazo safi la kisayansi: kama kivuli kimefupika, huenda kilichofupika ni fimbo. Tukaleta rula tukapima fimbo. Haikuwa imezama hata kidogo. Basi kilichosogea ni nini? Wote wakatazama juu, nikawahi kuwakataza wasiliangalie jua lenyewe.

Meza ya dirishani ndiyo moyo wa darasa langu majira haya. Mwaka huu ilibeba vikombe 31 vya udongo, kila kimoja na jina la mwenyewe. Mtungi wa kioo wenye karatasi mbichi na maharage matatu yaliyobanwa kati ya karatasi na kioo ili mizizi yao ionekane. Kizimba cha neti chenye viwavi. Na ile mashine, ambayo mlio wake mdogo tuliuzoea hadi tukaacha kuusikia.

Mayai tuliyaweka kwanza. Maharage tukayapanda siku sita baadaye, baada ya kuyaloweka usiku kucha. Kupanda kunachukua dakika kumi ukipanda mwenyewe, na saa nzima ukipanda na darasa la pili. Nilikuwa napita kati ya madawati nikirudia lile lile: kina cha pingili mbili za kidole, funika, nyunyiza maji kidogo. Kijana mmoja nilimkuta anaukandamiza udongo wake kwa vidole gumba vyote viwili, amesimama ili apate nguvu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Nikamuuliza kulikoni. "Isitoke kabla ya wakati wake, Mwalimu." Nikacheka, nikampita. Nilipaswa kusimama.

Siku ya sita udongo wa vikombe vingine ukaanza kupasuka. Haragwe halitoki kwa ncha. Linatoka kwa mgongo. Shina linajikunja kama ndoano, linausukuma udongo kwa kiwiko chake, kisha ndipo linajinyoosha na kuvuta nyuma yake vile vipande viwili vinene vya mbegu. Vipande hivyo vinaitwa ghalambegu, na sina neno la sayansi ninalolipenda kuliko hilo. Halihitaji kuelezwa. Mtoto anayejua ghala ni nini anajua kwamba mmea mchanga umebeba chakula cha njiani, na kwamba ghala likiisha litanyauka na kudondoka. Siku zilizofuata walikuwa wakiyakagua maghala yao kila asubuhi na kutoa taarifa: limepungua, limekunjamana, limeanguka.

Kisha tukaanza kupima, na hapo ndipo kulipotokea ugomvi mzuri kuliko yote ya mwaka. Watoto wawili walipima mche mmoja. Mmoja akapata sentimita 7, mwingine 9. Kila mmoja akaapa. Nikawaambia wapime tena mbele ya wote, na darasa likasimama kuzunguka kikombe kimoja. Wa kwanza alianzia kwenye udongo akaishia majani yanapotokea. Wa pili alinyanyua jani lililoinama akalinyoosha juu kwa kidole, akapima hadi ncha yake. Mtoto wa tatu akagundua kwamba rula ya mmoja wao haianzii pembeni kabisa. Kuna nafasi kidogo ya mbao kabla ya sifuri, na mwenye rula alikuwa akiihesabu nafasi hiyo. Wa nne akauliza, na shina likijipinda je? Tupime njia ya mkato au tuifuate njia ya shina?

Kipindi kizima kilikwisha hivyo. Hakikuwa kwenye andalio langu la somo. Mwishowe wakapiga kura: tutapima kutoka kwenye udongo hadi majani ya juu yanapotokea, bila kulinyoosha jani, na shina likijipinda tutalifuata kwa uzi kisha tupime uzi. Wakaiandika sheria hiyo kwenye karatasi wakaibandika ukutani juu ya meza. Ningeweza kuwaambia sheria hiyo siku ya kwanza kwa sentensi moja. Wangeisahau siku ya pili. Hii waliyoigombania hakuna aliyeivunja hadi mwisho.

Mtungi wa kioo ulikuwa na kazi yake. Mizizi ilipofika urefu wa kidole tukaupindua mtungi juu chini, mbele ya macho yao, tukauacha hivyo. Siku mbili hazikupita, mizizi iliyokuwa ikielekea angani ikawa imepinda kona na kurudi chini. "Mzizi unajuaje chini ni wapi? Ndani ya udongo ni giza." Swali hilo liliulizwa na mtoto ambaye huniuliza kila siku kama muda wa mapumziko umefika. Mwaka 1806 Thomas Andrew Knight, Mwingereza, alijiuliza jambo hilo hilo. Akafunga mbegu kwenye gurudumu linalozungushwa na maji, likizunguka kwa kasi usiku na mchana. Mbegu zilipoota, mizizi yote ilielekea nje ya gurudumu, na mashina yote kuelekea katikati. Kwa mzizi, nje ya gurudumu ndiko kulikokuwa "chini", kwa sababu ndiko nguvu ilikokuwa ikiuvutia. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis wakaonyesha kwamba hisia hiyo imekaa kwenye ncha: mzizi ukikatwa ncha unaendelea kurefuka ila haujui tena pa kupindia. Leo inajulikana kwamba ndani ya seli za ncha kuna chembe za wanga, ambazo hutua upande wa chini kama mchanga unavyotua kwenye chupa ya maji. Niliwaletea hiyo chupa ya maji na mchanga. Waliigeuza na kuigeuza mpaka kengele ikalia.

Viwavi nitawapitia haraka, ingawa wao wenyewe hawakuwa na haraka yoyote. Walikula, wakajivua ngozi, wakala tena, kisha wakajining'iniza kichwa chini wakawa pupa, na baada ya siku nane hivi wakatoka vipepeo. Niliwasimulia habari za Maria Sibylla Merian, ambaye mwaka 1660, akiwa na miaka 13 tu, alianza kufuga viwavi wa hariri na kuwachora siku hadi siku, wakati watu wengi bado wakiamini kwamba wadudu huzaliwa na matope na uozo. Wasichana wa darasa waliipenda hiyo miaka 13. Kosa langu mwaka huu ni kwamba sikuwaonya mapema juu ya maji mekundu. Kipepeo akishatoka hutoa tone la majimaji mekundu, mabaki ya siku zake akiwa pupa, na kwa mtoto hiyo ni damu na si kitu kingine. Watoto wawili walilia kwa uchungu kabla sijafika pale mezani. Ukifuga viwavi darasani, sema kuhusu hayo maji siku mbili kabla.

Lakini mayai ndiyo yaliyoshika darasa.

Yai la kuku linahitaji siku 21, joto la nyuzi 37.5, unyevu wa kutosha, na mtu wa kuligeuza. Kuku mwenyewe huyageuza mayai yake kwa mdomo siku nzima. Sisi tuliandika X upande mmoja wa kila yai na O upande wa pili kwa penseli, tukawa tunageuza mara tatu kwa siku: asubuhi wakati wa kuita mahudhurio, saa sita, na kabla ya kwenda nyumbani. Mara tatu na si mara mbili wala nne, ili upande uliolala chini usiku wa leo usilale chini usiku wa kesho pia. Yasipogeuzwa, kijusi hugandamana na utando wa ganda. Niliwaeleza sababu hiyo kama ilivyo, na kuanzia hapo sikuhitaji kumkumbusha mtu. Jumamosi na Jumapili nilikwenda mimi. Shule tupu wikendi ina utulivu wa peke yake, na nilijikuta nikikaa pale baada ya kugeuza, nikisahihisha madaftari karibu na mashine.

Siku ya saba tulifunga mapazia tukayamulika. Unaweka yai juu ya tochi kali, na lile ganda unalolijua maisha yako yote linageuka kuwa taa ya rangi ya chungwa. Ndani yake ukaonekana mtandao wa mishipa iliyotandaa kama miguu ya buibui, na katikati kitone cheusi kinachotikisika. Moyo wa kifaranga huanza kupiga siku ya pili ya kuatamiwa. Wao walikuwa wakimwona mwenye moyo huo siku ya saba. Nilipitisha dawati hadi dawati. Mtoto mmoja aliweka mkono kifuani mwake huku akiangalia, nadhani bila kujua kwamba ameuweka. Kati ya mayai 12, mawili yalikuwa meupe kabisa ndani, hayakuwa na kitu tangu mwanzo, na moja lilikuwa na duara jembamba la damu, dalili kwamba kijusi kilianza kikafa. Tukabaki na tisa. Sikuyaondoa yale matatu kwa siri. Wakauliza, nikawajibu.

Siku ya 18 kugeuza kunakoma, unyevu unaongezwa, na mfuniko haufunguliwi tena. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Kwa siku kumi na saba watoto walikuwa na kazi, na sasa kazi yao ni kutogusa. Saa sita ilifika, waliokuwa zamu wakainuka kwa mazoea, wakafika mezani, wakasimama mikono nyuma.

Naijua bei ya kugusa. Miaka kadhaa iliyopita, katika darasa jingine, kifaranga alitoboa tundu asubuhi na hadi saa nane mchana alikuwa hajatoka. Watoto walikuwa wakinisihi. Nilikuwa na igizo la kufanyia mazoezi, wazazi walikuwa wanakuja kesho yake, na nilitaka kila kitu kiende. Nikafungua mfuniko, nikaanza kubandua ganda kidogo kidogo kwa kucha. Damu ikatoka. Mishipa iliyoko kwenye utando ilikuwa bado haijakauka na kurudisha damu yake mwilini, na kiini kilikuwa bado hakijamalizika kuingia tumboni. Alikufa mkononi mwangu mbele ya watoto 28. Kupumzika kwake hakukuwa kuchoka. Alikuwa bado anafanya kazi ambayo mimi sikuweza kuiona. Kutoka tundu la kwanza hadi kutoka nje huweza kuchukua siku nzima ya saa 24, na muda mwingi katika huo kifaranga ametulia tu.

Kwa hiyo siku ya 21, nyota ndogo ya ufa ilipotokea kwenye yai la kona na kisha kukawa kimya kwa saa tatu, yule msichana wa dawati la mbele aliponijia na macho yamejaa akisema, "Mwalimu, amechoka, tumsaidie," niliketi naye chini nikamsimulia yule wa zamani. Sikumficha kitu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza, "Uliwaambia pole?" Nikamwambia ndiyo, niliwaambia wote. Akarudi kwenye kiti chake, akakisogeza kuelekea mashine, akakaa.

Kengele ya kwenda nyumbani ikalia na yai liko vilevile. Wa kwanza alitoka usiku, peke yake, hakuna aliyemwona. Asubuhi tulimkuta amelala katikati ya mayai mengine, manyoya yamekauka nusu, amechoka kweli sasa. Baadhi ya watoto walihuzunika kwamba wamemkosa. Lakini saa tatu na robo wa pili akaanza, na wote 31 walikuwepo. Nyufa zilizunguka upande mpana wa yai, pigo moja, pumziko, pigo moja, yeye akijizungusha ndani polepole, mpaka kifuniko cha ganda kikawa kimekatwa karibu chote kama kopo. Kisha miguu ikasukuma. Mara ya kwanza, hapana. Mara ya pili kifuniko kikainuka na kurudi. Mara ya tatu akaanguka nje mzima mzima, mbichi, shingo haiwezi kubeba kichwa, akalala kifudifudi akihema. Hakuna aliyepiga kelele. Tulikuwa tumekubaliana hivyo, ila sidhani walikuwa wakikumbuka makubaliano.

Kwenye ncha ya mdomo wake kulikuwa na kijino cheupe kigumu, ndicho anachotumia kuvunjia ganda, nacho hudondoka siku chache baadaye. Katika darasa langu hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko yote, kwa sababu robo ya darasa walikuwa na mapengo. Kijana mmoja aliyeng'oka jino wiki hiyo alikwenda akainama mbele ya kioo cha mashine, akafungua mdomo, akamwonyesha kifaranga pengo lake.

Saba walitoka. Mawili hayakutoka. Mtoto mmoja akauliza kama tulikosea kugeuza. Nikamwambia tuligeuza vizuri, na kwamba hata chini ya kuku mwenyewe si kila yai hutotolewa. Alitaka kuyaona, nikamwonyesha. Alitazama akaondoka.

Kuna jambo lazima niliseme, hata kama litawaudhi baadhi ya walimu wenzangu. Usiweke mayai darasani kama hujajua vifaranga watakwenda wapi. Nimeona madarasa ambayo siku ya 22 ilikuwa tatizo la mtu mwingine, vifaranga wakipelekwa nyumbani kwa mtoto ambaye mzazi wake hakuulizwa. Karibu nusu ya vifaranga huwa majogoo, na wasiotaka majogoo ni wengi. Kabla sijawasha mashine nilikuwa nimekwisha kupatana na mfugaji kwamba atawachukua wote, jinsia yoyote. Kama huna mtu wa namna hiyo, panda maharage. Maharage yanatosha, nitaonyesha sasa hivi jinsi yanavyotosha. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kugusa, hakuna kumbusu kifaranga hata akipendeza vipi, hakuna kula karibu na meza hiyo. Kifaranga mwenye afya njema huweza kubeba bakteria wa salmonela, na mtoto mdogo anaweza kuugua vibaya.

Tuliwaweka kwenye bruda, yaani sanduku la kulelea vifaranga, taa ya joto juu, nyuzi 35. Hawahitaji chakula saa za mwanzo kwa sababu kiini walichokimeza tumboni huwatosha siku mbili hivi. Hata hivyo maji na chakula vilikuwa tayari. Walikaa nasi siku tano. Katika siku hizo igizo lilifanyiwa mazoezi huku kukiwa na milio ya vifaranga katikati ya kila sentensi, mitihani ikakaribia, na ratiba ya ukutani ikajaa mishale na marekebisho hadi haikusomeka. Kutoa kwa kukopa tulikumalizia kwenye karatasi ya kumbukumbu ya mayai: siku 21 toa siku tulizofikia, zinabaki ngapi. Walikuwa wamekuwa wakiifanya hesabu hiyo kichwani kila asubuhi tangu mwanzo.

Nirudi kwa yule kijana wa vidole gumba.

Kila mtoto alikuwa na chati yake ya haragwe: siku zikienda kulia, sentimita zikipanda juu. Chati za wenzake zilikuwa milima. Ya kwake ilikuwa mstari mmoja umelala chini kabisa. Siku ya sita, sifuri. Siku ya kumi, sifuri. Alikuwa akipima kweli. Alichukua rula, akaisimamisha kwenye udongo mtupu, akainamisha jicho hadi usawa wake, akaandika 0, akaweka nukta, akaunganisha kwa rula na nukta ya jana. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mimi, kama walimu wengi, hupanda vikombe vya akiba nyuma ya kabati. Jioni ya siku ya 12 watoto walipokwisha kwenda nilishika mche mzuri wa sentimita 8 mkono mmoja na kikombe chake mkono wa pili. Ingechukua dakika moja. Kesho asubuhi angekuja akute muujiza. Nilisimama nao hapo dirishani kwa muda. Kisha nikafikiria zile sifuri saba alizokuwa ameshaziandika kwa mkono wake, kila moja ya kweli, na jinsi ambavyo ya nane ingekuwa yangu. Nikaurudisha mche nyuma ya kabati.

Vifaranga walipokuwa wameshaondoka, meza ilikuwa na nafasi. Akaja kwangu na kikombe. "Mwalimu, naomba niangalie ndani." Tukatandaza gazeti. Alivunja udongo polepole kwa kijiko. Juu ulikuwa mgumu kama kigae, pale pale alipoukandamiza. Chini ya kigae hicho kulikuwa na shina jeupe, nene, lililojikunja kama herufi iliyokosewa, limesukuma na kusukuma likashindwa kupita. Na chini yake, mzizi. Mzizi mrefu, wenye matawi, umezunguka sakafu yote ya kikombe.

Hakusema kitu. Akachukua rula na uzi, kama sheria ya ukutani inavyotaka, akaufuata mzizi ule kutoka ulipoanzia hadi ncha yake. Sentimita 11. Akaenda kwenye chati yake akasimama mbele yake. Kisha akageuka.

"Mwalimu, karatasi imeishia kwenye sifuri. Naweza kuandika chini yake?"

Nikamletea karatasi nyingine na gundi. Tukaibandika chini ya ile ya kwanza, akachora mistari kumi na moja kwenda chini, akiipima kila mmoja.